Python, Java na lugha nyingine ndani ya hifadhidata: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu hapa Lubumbashi ni kutengeneza na kufufua hifadhidata: depo za unga, famasi, shule, wasafirishaji wa njia ya Kasumbalesa. Maswali ninayoletewa na wenzangu, wanafunzi na mastajieri (wanaojifunza kazini) ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaandika mahali pamoja. Mifano mingi ni ya PostgreSQL, hifadhidata ya bure, kwa sababu ndiyo inayofungua mlango huu kwa upana zaidi bila kulipa, na ndiyo ninayoshinda nayo.

## Mwanzo kabisa

Hifadhidata, kanzidata, baze: ni kitu kimoja?

Ndiyo. Ofisini wengi wetu tunasema "baze", vitabu vinasema hifadhidata au kanzidata. Hapa nazungumzia zile za majedwali, zinazosemeshwa kwa SQL, lugha ya kuuliza na kubadilisha data.

"Kuendesha Python ndani ya hifadhidata" maana yake nini hasa?

Kwa kawaida programu yako inakaa upande mmoja na hifadhidata upande mwingine. Programu inaomba data, inaletewa, inafanya hesabu, inarudisha jibu. Ukiendesha Python ndani, msimbo wako unahifadhiwa kwenye hifadhidata yenyewe kama funksheni, na seva ya data ndiyo inayouendesha. Mtu akiandika `SELECT kwa_maneno(4350)`, Python inaamka palepale, ndani ya kichakato cha seva, yaani programu iliyo kazini, kinachohudumia muunganiko wake, inajibu, na SQL inaendelea kana kwamba funksheni hiyo ilizaliwa nayo.

Neno la kushika hapa ni "seva ndiyo inayouendesha". Raha na balaa zote za ukurasa huu zinatoka hapo.

Si hifadhidata zina lugha zao tayari?

Zinazo. Oracle ina PL/SQL, SQL Server ina T-SQL, PostgreSQL ina PL/pgSQL. Hizo ni SQL iliyoongezewa masharti, vitanzi na vigeu, na kwa kazi ya kila siku zinatosha sana. Swali la ukurasa huu ni lugha za jumla, zile ambazo hazikutungwa kwa ajili ya data peke yake: Python, Perl, Java, JavaScript, C#.

Hifadhidata ipi inakubali lugha ipi?

PostgreSQL ilianza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ikiwa imekusudiwa tangu mwanzo kupanuliwa na watumiaji wake. Leo inakuja na lugha nne kwenye kifurushi chake cha kawaida: PL/pgSQL, PL/Tcl, PL/Perl na PL/Python. Nyingine hutengenezwa na watu wa nje, kama PL/Java, plv8 ya JavaScript na PL/Rust.

Oracle ilitia mashine ya Java ndani yake tangu toleo la 8i, mwaka 1999. JavaScript ilifuata miaka mingi baadaye, katika 21c. SQL Server ilifungua mlango kwa C# na Visual Basic katika toleo la 2005, kisha ikaongeza R mwaka 2016, Python mwaka 2017 na Java katika toleo la 2019. Hizi tatu za mwisho zina tofauti kubwa na C#: haziendeshwi ndani ya kichakato cha SQL Server bali pembeni, kwenye vichakato vingine vinavyoanzishwa na huduma maalumu. Python ikianguka huko, hifadhidata haianguki nayo.

Nina MySQL ya bure. Naweza?

Python, hapana. Funksheni za kuandikwa kwa C au C++ zipo, ila sijaona mtu hapa mjini aliyezitumia akafurahi. JavaScript imeingia katika MySQL 9.0, mwaka 2024, lakini kwenye toleo la kulipia. MariaDB haikusaidii zaidi kwa hili.

Na SQLite, ile ya kwenye simu na mashini ndogo?

SQLite haina seva, kwa hiyo swali linageuka. Hifadhidata inaishi ndani ya programu yako, na programu ndiyo inayoikopesha funksheni. Kwa Python unaita `create_function`, unataja jina, idadi ya vipokezi (thamani inazopewa) na msimbo wenyewe, basi: SQL yako inaweza kuita msimbo wako. Kasoro ni kwamba funksheni hiyo haihifadhiwi kwenye faili la data. Programu nyingine ikifungua faili hilohilo, haitaikuta.

## Je, ninaihitaji kweli?

Faida yake ni nini?

Kubwa ni mbili. Ya kwanza ni safari za mtandao. Tuseme seva yako iko Ulaya, programu iko Katuba hapa mjini, na kila safari ya kwenda na kurudi inakula milisekunde 200. Ukipitia mistari 5,000 mmojammoja, kila mmoja na safari yake, umemaliza sekunde 1,000, yaani karibu dakika 17, na hesabu yenyewe bado ni ya kufumba na kufumbua. Ukiipeleka hesabu kule data iliko, safari inabaki moja.

Ya pili ni kuwa na kanuni moja mahali pamoja. Depo ikiwa na programu ya kaunta iliyoandikwa kwa Java, ripoti zinazovutwa na Excel, na kishikwambi cha mtu wa ghala, kanuni iliyoandikwa mara tatu itatofautiana mara tatu. Ikikaa kwenye hifadhidata, wote watatu wanakunywa kisima kimoja.

Lakini ona: faida zote mbili unazipata hata kwa SQL tupu au PL/pgSQL. Ndiyo maana mtu akiniambia anataka Python ndani ya baze, swali langu la kwanza huwa: umejaribu SQL kwa saa moja? Wengi hawarudi.

Kwa hiyo Python ndani ya hifadhidata ni ya haraka zaidi kuliko SQL?

Hapana, na hapa ndipo watu wanapopotea. SQL inashughulikia mistari kwa mkupuo, ikijua faharasa (orodha za kuharakisha utafutaji) zilizopo na njia fupi za kupita. Funksheni ya Python inaitwa mara moja kwa kila mstari, na kila mara data inabadilishwa kutoka umbo la hifadhidata kwenda umbo la Python na kurudi. Kujumlisha mauzo ya mwezi kwa kitanzi cha Python, wakati `sum` na `GROUP BY` zipo, ni kubeba magunia mkononi na toroli limesimama pembeni.

Ripoti za Kinshasa na Lubumbashi hazipatani kwenye tarehe. Nimeandika Python ya kurekebisha saa. Ni sawa?

Ifute. Kongo ina saa mbili: Kinshasa iko saa moja mbele ya UTC (saa ya kimataifa), sisi saa mbili. Fakture (ankara) iliyopigwa hapa saa sita na nusu usiku kuamkia tarehe 1 Julai, Kinshasa bado ni saa tano na nusu usiku ya tarehe 30 Juni, na fakture inaangukia mwezi mwingine. Weka safu iwe ya aina ya `timestamptz` (wakati unaojua ukanda wa saa), kisha wakati wa kusoma andika `wakati AT TIME ZONE 'Africa/Lubumbashi'` au `'Africa/Kinshasa'`. Hifadhidata inajua majina yote mawili. Amueni tu, ninyi na wenzenu wa Kinshasa, mwezi unafungwa kwa saa ya nani. Hilo Python haiwezi kuwaamulia.

Wateja wangu wameandikwa Tshibanda, Chibanda na Cibanda, na ni mtu mmoja. Hapo si lazima Python?

Bado. Kila karani ana mwandiko wake, na majina ya kutoka Kasai ndiyo yanayoumia zaidi. Mstari huu wa SQL unatosha kuyapatanisha:

```sql
lower(regexp_replace(trim(jina), 'tsh|ch', 'c', 'gi'))
```

Yote matatu yanakuwa `cibanda`. Usiguse jina alilojiandikisha nalo mtu. Hili ni la kutafutia tu. Ukitaka kutengenezea faharasa, soma kwanza swali la `IMMUTABLE` hapa chini.

Nipe basi mfano mmoja ambao Python inastahili.

Kuandika kiasi kwa maneno kwenye risiti. Hesabu hii inajirudia ndani yake yenyewe, ina orodha za maneno, na ukijaribu kuiandika kwa SQL tupu utajuta. PL/pgSQL inaweza, ila kwa jasho. Kwa Python ni hivi:

```sql
CREATE FUNCTION kwa_maneno(n integer) RETURNS text
LANGUAGE plpython3u IMMUTABLE STRICT AS $$
moja = ['', 'moja', 'mbili', 'tatu', 'nne', 'tano',
        'sita', 'saba', 'nane', 'tisa']
kumi = ['', 'kumi', 'ishirini', 'thelathini', 'arobaini', 'hamsini',
        'sitini', 'sabini', 'themanini', 'tisini']
def sema(k):
    if k < 100:
        return ' na '.join(x for x in (kumi[k // 10], moja[k % 10]) if x)
    for jina, kipimo in (('milioni', 1000000), ('elfu', 1000), ('mia', 100)):
        if k >= kipimo:
            mbele, baki = divmod(k, kipimo)
            neno = jina + ' ' + sema(mbele)
            return neno + ' na ' + sema(baki) if baki else neno
return 'sifuri' if n == 0 else sema(n)
$$;
```

Ukiipa 4350 inajibu "elfu nne na mia tatu na hamsini". Niliipenda sana, nikaiweka kazini kwenye depo moja ya Ruashi. Mhasibu wao akaniita: risiti ya faranga 150,000 imeandikwa "elfu mia moja na hamsini", sawa. Na hii nyingine ya faranga 100,050? "Elfu mia moja na hamsini." Maneno yaleyale, na pengo la karibu faranga 50,000 katikati.

Kosa halikuwa la Python. Ni Kiswahili chenyewe: mdomoni tunatenganisha kwa kupumua, karatasi haipumui. Dawa ni kutanguliza idadi pale inapofika kumi au zaidi:

```python
neno = sema(mbele) + ' ' + jina if mbele >= 10 else jina + ' ' + sema(mbele)
```

Sasa ya kwanza inasomeka "mia moja na hamsini elfu" na ya pili "mia moja elfu na hamsini". Sokoni hatukutani na tatizo hili kwa sababu bei kubwa tunazitaja kwa Kifaransa, na fakture rasmi nazo ni za Kifaransa. Namba hasi sikuzishughulikia. Zikatae kabla hazijafika humo, la sivyo utasoma vichekesho.

## Kuweka na kuandika

Kwa nini inaitwa `plpython3u`? Hiyo "u" ni ya nini?

Ni alama ya lugha isiyoaminika. Lugha inayoaminika, kama PL/Perl ya kawaida au plv8, imefungiwa: haiwezi kufungua mafaili wala kuita programu nyingine za mashini. Python haina kizuizi cha namna hiyo. Zamani ilikuwa na moduli ya kuibana. Moduli hiyo ilipoondolewa, PostgreSQL 7.4 ya mwaka 2003 ikaihamishia Python upande wa wasioaminika, na haijarudi. Ile "3" ni ya Python 3, na Python 2 iliondolewa kabisa katika PostgreSQL 15, mwaka 2022.

Kuiwasha ni `CREATE EXTENSION plpython3u;`, kwa mtumiaji mkuu peke yake.

Naiwasha, inakataa. Inasema haioni faili.

Kwenye Debian au Ubuntu, kifurushi cha lugha ni cha pekee na kinafuata toleo la seva, kwa mfano `postgresql-plpython3-16`. Sakinisha hicho kwanza.

Kwenye Windows ujumbe unapotosha. Unakwambia `plpython3.dll` haikupakiwa, unakwenda kwenye folda unaikuta imekaa pale. Kinachokosekana ni Python yenyewe, na si Python yoyote: lazima iwe toleo lilelile ambalo PostgreSQL yako ilitengenezewa, isakinishwe kwa watumiaji wote wa mashini, na njia yake ionekane na huduma ya PostgreSQL. Kisha zima na uwashe huduma hiyo. Wengi hurekebisha kila kitu wakasahau hatua hii ya mwisho, halafu wananiandikia usiku.

Nimesakinisha maktaba kwa pip (kisakinishi cha Python) lakini funksheni haiioni.

Umeisakinisha kwa ajili yako, na seva inaendeshwa na mtu mwingine. Funksheni inatumia Python ya mashini ambayo seva imeunganishwa nayo, si ile ya mazingira uliyojitengenezea kwenye folda ya mradi. Endesha funksheni ndogo inayorudisha `sys.version` na `sys.path` kama maandishi, uone inatazama wapi.

Python inaniambia kigeu hakijapewa thamani, ilhali ndicho kipokezi cha funksheni!

Umeandika kitu kama `jina = jina.strip()`. Ndani ya PL/Python vipokezi vinaingia kama vigeu vya nje, na ukikipa kimoja thamani mpya Python inakihesabu kuwa cha ndani, tena kitupu. Tumia jina jingine, `j = jina.strip()`, yaishe.

Tarehe inaniingilia kama maandishi. Ni kasoro?

Ndivyo ilivyotengenezwa. Namba kamili, desimali, ndiyo-na-hapana, orodha na baiti zinapata umbo lake la Python, na NULL inakuwa `None`. Vingine karibu vyote, tarehe ikiwemo, vinaingia kama maandishi, na ni juu yako kuvigeuza.

Jumla ya kaunta na ya ripoti zinatofautiana faranga 50. Nimekagua kila kitu.

Angalia kukadiria. Wengi tunakadiria kwenye faranga hamsini iliyo karibu: gawa kwa 50, kadiria, zidisha kwa 50. Chukua faranga 125. Ukigawa unapata 2.5. PostgreSQL kwa aina ya `numeric` inapandisha kuwa 3, unapata 150. Python, kwa `round`, nusu ikiwa katikati inakwenda kwenye namba shufwa, kwa hiyo 2, unapata 100. Hakuna aliyekosea, ni desturi mbili.

Sasa ongeza kwamba PostgreSQL yenyewe, safu ikiwa `double precision`, nayo kwenye mashini za kawaida inakwenda kwenye shufwa. Fedha ziwe `numeric`, kukadiria kufanywe upande mmoja tu, na mimi huchagua upande wa SQL. Ukilazimika kufanya kwa Python, tumia moduli ya `decimal` na umtajie wazi `ROUND_HALF_UP`.

## Usalama

Mtu mbaya anaweza kufanya nini na `plpython3u`?

Chochote ambacho mtumiaji wa mashini anayeendesha seva anaweza kufanya. Kusoma mafaili ya data moja kwa moja, kuyafuta, kufungua mtandao, kuita programu nyingine. Haki zote ulizogawa kwa makini kwenye majedwali hazina maana kwa msimbo unaopita chini yake. Ndiyo sababu ni mtumiaji mkuu tu anayeruhusiwa kuunda funksheni za lugha hii. Watumiaji wa kawaida wanaweza kuziita tu.

Kwa hiyo hatari kubwa haitoki kwa mgeni wa mbali. Ni ile tabia yetu ya kuunganisha programu nzima kwa akaunti ya `postgres` na nenosiri lililoandikwa kwenye karatasi ya kaunta. Ukikuta hali hiyo, anza na hiyo. Python isubiri.

Kwa nini huduma ya wingu inanikatalia?

Kwa sababu hiyohiyo. Mwenye seva hataki msimbo wako ufike kwenye mashini yake. Amazon RDS, kwa mfano, inakubali PL/Perl na plv8 kwenye PostgreSQL lakini si `plpython3u`. Ukijua mteja atahamia huko, chagua lugha mapema.

C# ndani ya SQL Server iko salama zaidi?

Ilikuwa na ngazi za ruhusa ambazo watu waliziamini. Tangu toleo la 2017, ukali mpya umewashwa kwa chaguo-msingi na msimbo unatakiwa utiwe saini, kwa sababu Microsoft yenyewe ilikubali kwamba kinga ya zamani haikuwa ukuta wa kutegemewa.

## Pembezoni, mambo yanapokuwa magumu

Funksheni yangu haina mwisho na siwezi kuikatiza. Nifanyeje?

Hii ilinipata mwenyewe, mchana, wateja wakiwa kwenye foleni. Nilisahau kuongeza kihesabu kwenye `while`. `statement_timeout` (kikomo cha muda) ikapita bila kitu, `pg_cancel_backend` (amri ya kukatiza) ikajibu "ndiyo" na hakuna kilichobadilika. Sababu ni kwamba PostgreSQL haikatizi msimbo kwa nguvu. Inapandisha bendera, na msimbo unaitazama bendera pale unaporudi kwenye PostgreSQL. Kitanzi cha Python tupu hakirudi. Hata `pg_terminate_backend`, ya kufunga muunganiko, inasubiri bendera hiyohiyo.

Nikafanya kosa la pili: `kill -9`, amri ya kuua kwa nguvu, kwenye kichakato kile. Seva ikidhani kumbukumbu ya pamoja imeharibika, ilifukuza kila mtu na kuanza kujifufua. Data ilisalimika, heshima yangu kidogo ilipungua. Ndani ya vitanzi virefu, weka mahali pa kuita `plpy.execute("SELECT 1")` kila baada ya mizunguko kadhaa, ili bendera itazamwe.

Nimeweka alama ya `IMMUTABLE` ili nipate faharasa. Sasa wateja wengine hawaonekani.

`IMMUTABLE` ni ahadi: kipokezi kilekile, jibu lilelile, daima. Hifadhidata haiihakiki, inakuamini. Tuseme faharasa yako imejengwa juu ya funksheni ya majina. Baadaye unaongeza kanuni kwamba Muamba na Mwamba ni kimoja, unabadilisha funksheni kwa `CREATE OR REPLACE`. Faharasa haikujengwa upya: ndani yake bado kuna `muamba`, na utafutaji mpya unauliza `mwamba`. Mteja yupo kwenye jedwali, faharasa inaapa hayupo. Kila ukibadilisha funksheni kama hiyo, fuata na `REINDEX`, faharasa ijengwe upya.

Na funksheni inayosoma saa, faili au kiwango cha dola cha leo si `IMMUTABLE` kamwe, hata ukiipaka rangi.

Naweza kutuma SMS kutoka kwenye triga (funksheni inayojiendesha data inapobadilika)?

Unaweza, na usifanye. Muamala (mabadiliko yanayothibitishwa au kubatilishwa kwa pamoja) ukibatilishwa, mistari inarudi ilivyokuwa lakini SMS imeshafika: mteja anasoma "tumepokea malipo yako" na kwenye daftari hakuna kitu. Zaidi ya hapo, mtandao ukisuasua, muamala wako unasubiri huku umeshikilia kufuli, na kaunta nzima inasimama kwa ajili ya ujumbe mmoja.

Triga iandike mstari kwenye jedwali la foleni, basi. Programu ndogo ya nje isome foleni na itume. Ukiongeza `NOTIFY`, amri ya kutoa taarifa, programu hiyo itaamshwa pale tu muamala unapokuwa umethibitishwa.

Umeme ukikatika katikati ya funksheni?

Upande wa majedwali, usiogope: kisichothibitishwa kinafutwa seva ikiamka. Lakini kama Python yako ilikuwa inaandika faili pembeni, faili hilo linabaki nusunusu, hakuna wa kulirudisha. Hoja ni ileile ya SMS.

Kuna data ya mteja mmoja inamtokea mwingine.

Tafuta `GD`. Ni kamusi ya PL/Python inayobaki hai muda wote wa muunganiko, na wengine huitumia kama ghala la muda. Kama programu yako inazungusha miunganiko michache kwa watumiaji wengi, muunganiko wa aliyetoka unapewa anayeingia, na `GD` yake pamoja. Usiweke humo chochote cha mtu.

PL/Java inakula kumbukumbu kupita kiasi.

PostgreSQL inampa kila muunganiko kichakato chake, na kila kichakato kinachoita Java kinaanzisha mashine yake ya Java. Miunganiko 40, mashine 40. Punguza miunganiko, au iache Java kwenye programu.

Nimerudisha nakala rudufu kwenye mashini mpya, funksheni zimekataa.

`pg_dump` inabeba maandishi ya funksheni. Haibebi Python, wala kifurushi cha lugha, wala maktaba ulizosakinisha kwa pip. Kwenye mashini mpya vitangulize hivyo, ndipo urudishe data. Nakala ninazowaachia wateja siku hizi zina faili dogo pembeni lenye mistari mitatu: toleo la PostgreSQL, toleo la Python, na orodha inayotolewa na `pip freeze`. Msimbo wa funksheni zenyewe ninao pia kwenye Git, chombo cha kutunza historia ya msimbo, kwa sababu kuna mara nilikuta zimebadilishwa moja kwa moja kwenye seva na hakuna aliyekumbuka nani alifanya hivyo.